Mzee Hazimwi Akihema

Jua lilikuwa utosini, na foleni ya mzunguko wa soko kuu ilikuwa imekaza kama fundo la kamba mbichi. Pikipiki zilipenya, wauza maji walipita kati ya magari na ndoo kichwani, kila dereva akipiga honi kana kwamba honi ina magurudumu. Katikati ya vurugu hiyo lilikuwepo gari moja la dizeli, refu, la rangi iliyokuwa kijani enzi za ujana wake. Lilitetemeka papo hapo na kukohoa moshi. Juu ya paa lilibeba fimbo za mapazia zilizofungwa kwa mikanda ya kitambaa. Ndani alikaa mwanamke wa gauni la bluu na kitambaa cha njano kichwani, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, na hita ya gari ameifungua mpaka mwisho.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akivuka barabara, koili ya bomba la shaba begani na mfuko wa vifaa mkononi, alisimama. Akausikia ule upepo wa moto ukitoka dirishani. Akagonga mlango.

“Dada, samahani. Hiyo ni hita?”

“Ni hita.”

“Umeiwasha mwenyewe, au imekugeuka?”

“Nimeiwasha mwenyewe. Joto likija kwangu, linapungua kwa injini. Bora niive mimi.”

“Zima gari basi. Mshale huo wa joto umefika kwenye nyekundu.”

“Haujafika, unachungulia tu. Na Mzee hazimwi akihema.”

“Mzee gani?”

Akapiga dashibodi kofi la mapenzi. “Huyu.”

Mwanamume akacheka mpaka koili ikamponyoka begani. “Mimi kazi yangu ni baridi, dada. Natengeneza friji, majokofu, vyumba vya barafu. Sijawahi kuona mtu anatibu joto kwa joto.”

“Basi leo umesoma bure. Pisha, foleni inasogea.”

Foleni haikusogea. Ilijinyoosha kidogo tu, ikalala tena. Mwanamume alikuwa bado yupo ubavuni, anatembea taratibu kama anayesindikiza bibi harusi.

“Unaelekea upande wa karakana za stendi?”

“Naelekea.”

“Nikiingia humo nitaiva?”

“Utaiva. Ila utafika.”

Akaingia. Kabla hawajamaliza mzunguko, shati lake jeupe lilikuwa limemganda mgongoni, na bado alikuwa anacheka.

Mwanamke huyo alikuwa fundi mapazia. Alipima madirisha ya watu, akashona nyumbani, akarudi kuyatundika, na Mzee ndiye aliyembebea vitambaa, ngazi na fimbo. Gari lilikuwa la baba yake, dereva wa maisha yake yote. Alipojua kwamba siku zake haziko nyingi, marehemu alimwekea funguo kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Tena alimwachia na desturi yake. Kila alipofika mwisho wa safari, baba hakuzima gari mpaka asimulie hadithi moja. “Dizeli iliyopanda mlima ikizimwa ghafla,” alikuwa akisema, “maji yanasimama, joto linafungiwa ndani halina pa kwenda. Hata binadamu ni hivyo hivyo. Mwache apumue kwanza.”

Kwa hiyo walipofika mbele ya karakana ya friji, hakuzima.

“Nishuke?” mwanamume akauliza.

“Ukitaka. Ila mimi nangoja Mzee atulie, na kwa kawaida anatulizwa na hadithi.”

Mwanamume akafikiri kidogo. Akasimulia siku aliyojifungia kwa bahati mbaya kwenye chumba cha barafu cha mwuza samaki, akaruka ruka kati ya samaki ili asigande. Alipofunguliwa, masharubu yalikuwa meupe kama ya babu, na mwenye duka akamwamkia shikamoo. Fundi mapazia alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Injini ikashusha pumzi. Ndipo akageuza ufunguo, na kimya kilichofuata kikawaona wawili hawa wakitazamana zaidi ya adabu inavyoruhusu.

Simu zilianza jioni ile ile.

“Haloo, Mvuke.”

“Nani huyo Mvuke? Umekosea namba, Bwana Barafu.”

“Sijakosea. Umekula?”

“Nimekula. Wewe?”

“Siwezi kula. Tangu nishuke kwenye gari lako bado natokwa jasho.”

“Hiyo si hita, mpenzi. Hiyo ni dalili.”

“Dalili ya nini?”

“Kamwulize daktari wako. Usiku mwema.” Akakata, akaikumbatia simu kama mto, akajicheka mwenyewe.

Barafu alianza kuja nyumbani. Alimwamkia shangazi aliyeishi na Mvuke kwa heshima zote, akamtengenezea friji iliyokuwa inanguruma kama ina deni la damu, akapata kiti chake barazani. Akamchunguza Mzee pia. Akagundua kwamba feni ndiyo iliyochoka: kwenye barabara wazi upepo ulimtosha, lakini kwenye foleni akawa hana wa kumpepea.

“Nina feni ya chumba cha barafu kilichokufa,” akasema. “Nikipata mota yake nikufungie?”

“Ukiipata niambie. Gari langu haliguswi kabla sijaambiwa.”

“Umesikika, Mvuke.”

Alisikia kwa sikio moja, kama tutakavyoona.

Adui wa Mzee hakuwa foleni. Alikuwa kaka. Kaka yake fundi mapazia, mkubwa wake, alikuwa amenunua gari jipya la fedha lenye viti vinavyonukia dukani, na uwanja wa nyumba yao ulikuwa na kivuli cha gari moja tu. Kivuli hicho Mzee alikilalia tangu kaka alipokuwa anatambaa.

“Linatutia aibu,” kaka alisema mezani. “Wageni wangu wakija wanadhani tumefuga boila. Nimeshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu.”

“Umeongea naye kuhusu gari la nani?”

“La baba.”

“Baba alilifungia kwenye kiganja changu. Wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni, kaka, unatazama saa.”

Kaka akanywea. Akamgeukia shangazi, dada wa marehemu, ambaye neno lake ndilo lililofunga na kufungua milango ya nyumba ile. Shangazi alitafuna, akameza, akafuta mdomo.

“Jumapili nakwenda kwa mdogo wangu, kule juu kilimani,” akasema. “Nitapanda gari la marehemu. Likinifikisha bila kusimama njiani, kivuli ni chake, na asiniletee mtu maneno tena. Likichemsha, liondoke. Nimemaliza. Nipitishieni maji.”

Jumamosi mchana Barafu alikuja kumsaidia kuosha gari. Mota ya feni ilikuwa haijapatikana, na moyo wake ulikuwa juu juu. Fundi mapazia alipoingia ndani kumpigia shangazi pasi gauni la safari, Barafu alibaki na Mzee uwanjani. Mafundi wote wa stendi walikuwa wamemwambia neno moja: gari linalochemsha litolewe thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. “Kinabana tu,” walisema. “Kitoe, maji yapite wazi.” Naye, mtu wa mabomba na baridi, akaona ni hesabu ya mtoto: njia ikiwa wazi, maji yatakimbia zaidi. Akalegeza bolti, akakitoa, akakifunga kwenye leso, akapaka gundi ya gasketi, akarudisha kifuniko. Akatabasamu peke yake. Kesho Mvuke atafika kilimani hajatoa hata tone la jasho, ndipo amwambie.

Shangazi alikaa kiti cha mbele kama malkia wa sarafu, gauni la zambarau, mkoba mapajani. Kaka alifuata nyuma na gari lake la fedha, madirisha yamefungwa, amejipoza.

Hawajafika hata kiunoni mwa kilima, mshale ukaanza kupanda. Fundi mapazia akafungua hita. Mshale haukujali. Akashusha gia, akamwomba Mzee kwa jina la baba. Mshale ukaingia kwenye nyekundu ukapitiliza, na kutoka kwenye boneti ukafumuka mvuke uliofunika kioo chote.

“Mwanangu,” shangazi akasema kwa utulivu, “sioni njia.”

“Hata mimi, shangazi.” Akasimama pembeni.

Kaka alishuka akija polepole, kama anayekuja kupokea zawadi. “Pole, mdogo wangu. Kwani nani hakujua? Hata yule fundi friji wako nilipokutana naye juzi alikiri kwamba gari limezeeka. Mwulize.”

Mzee alipopoa kidogo fundi mapazia alifungua boneti, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha thamostati. Bolti zilikuwa na mikwaruzo mipya. Gundi nyekundu, mbichi, ilikuwa imechungulia pembeni kama rangi ya midomo iliyopakwa kwa haraka. Magari mengine yakitolewa kidude hicho yanavumilia. Hili halivumilii, na baba alimwambia tangu akiwa msichana: kwenye injini hii kidude hicho ndicho kinachoziba njia ya mkato. Kikiondoka, maji yanazunguka ndani kwa ndani, ya moto kwa ya moto, na rejeta inayoyapoza inabaki kutazama.

Akapiga simu.

“Mvuke! Mmefika?”

“Umetoa kitu kwenye gari langu?”

“Ndiyo, mpenzi, nilitaka kukushangaza…”

“Umenishangaza. Uliongea na kaka yangu?”

“Niliongea naye, lakini ngoja nikueleze…”

“Mlikubaliana jinsi ya kunishangaza?”

“Mvuke, sikiliza…”

Akakata. Simu ikalia tena na tena, akaitupa kwenye kiti cha nyuma kati ya mapazia. Akamwaga maji dumu zima kwenye rejeta, akamgeuza Mzee, wakateremka kilima kwa uzito wao wenyewe. Walipofika nyumbani, kaka alisema lori la vyuma litakuja asubuhi.

Asubuhi lori lilikuja, na mnyororo wake, na mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye tumbo la starehe. Wakamkuta fundi mapazia ndani ya Mzee. Amejifungia, vioo amevishusha nusu, kitambaa cha njano kichwani, anapindia pazia la mteja. Sindano ilikwenda na kurudi kana kwamba yuko chumbani kwake.

“Shuka,” kaka akasema.

“Niko kazini.”

“Usinitie aibu mbele ya mgeni!”

“Mgeni karibu. Mwambie avute. Avute na mimi humu humu, na cherehani iko nyuma.”

Mnunuzi akajikuna kichwa. “Bwana, mimi nanunua chuma. Watu sinunui. Malizaneni kwanza.”

“Shangazi alishatoa neno!” kaka akafoka.

“Shangazi alitoa neno juu ya gari,” dada yake akajibu bila kuinua macho kwenye pindo. “Gari lililopanda jana lilikuwa limetolewa utumbo. Mtu akitolewa utumbo halafu akashindwa mbio, utasema ni mvivu?”

Hapo ndipo Barafu alipoingia getini. Amekumbatia feni kubwa kifuani, sasa ina mota yake, macho mekundu, shati limevaliwa ndani nje na hana habari. Akaiweka feni chini. Akagonga mlango wa gari, kama siku ile ya foleni.

“Dada, samahani.”

“Tumefunga.”

Akachomoa leso mfukoni, akaifungua kwenye ukingo wa kioo. Thamostati ilikaa pale, ndogo, ya shaba, haina kelele. “Nilikosea. Nilidhani nakusaidia. Sikupangana na mtu.”

“Ulimwambia nini kaka?”

“Nilimwambia gari limezeeka. Nikamwambia pia kwamba anayetaka liondoke aanze kwa kumwondoa dereva wake, na kazi hiyo mimi siiwezi.” Akamgeukia kaka. “Hiyo nusu ya pili hukumfikishia, shemeji?”

Kaka akaanza kusoma funguo zake kana kwamba zimeandikwa kitu.

Sindano ilisimama. Fundi mapazia alimtazama Barafu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na hasira yake, badala ya kuzima, ilipata mahali pa kukaa.

“Sasa nisikilize. Kukosea bolti si neno, kila fundi anakosea. Kosa lako ni kwamba nilikuwa hapo ndani, hatua chache tu, na hukuniuliza. Kaka anauza bila kuniuliza. Wewe unatoa bila kuniuliza. Yeye kwa ubaya, wewe kwa mapenzi, na wote mmenifikisha pale pale pembeni mwa barabara. Mnanipenda sana, lakini nani amewaambia sina mdomo?”

Barafu hakujitetea. “Hakuna aliyeniambia,” akasema taratibu. “Na mdomo wako naujua kuliko wote hapa.”

Mnunuzi wa vyuma akacheka kwa sauti, kisha akajifanya anakohoa.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Shangazi alikuwa amesimama na kanga begani, na ilionekana alikuwa hapo muda mrefu. “Hicho kidude ni kizima?”

“Kinajaribiwa kwenye maji ya moto, shangazi,” fundi mapazia akajibu. “Kikifunguka, ni kizima.”

“Leteni sufuria basi. Na isiwe ile ya chai yangu.”

Wakainamia jiko, shangazi, mpwa wake na Barafu, vichwa vitatu juu ya sufuria moja, kaka akichungulia nyuma na mnunuzi wa vyuma nyuma ya kaka. Maji yakaanza kupiga povu. Kidude kikakaa tu. Barafu akaacha kupumua. Kisha, polepole kama jicho la mtu anayeamka, kikafunguka.

“Haya,” shangazi akasema. “Nilisema gari linipeleke kilimani. Jana halikuwa zima, basi safari ile si safari. Rudisheni utumbo wa watu, mfunge na hiyo feni, nikavae. Na wewe mwenye lori, kunywa chai, usiondoke. Ukibeba, utabeba leo. Usipobeba, usirudi.”

Walifanya kazi bega kwa bega chini ya boneti. Barafu aliuliza kila kitu. “Nifunge waya hapa?” “Funga.” “Nikaze?” “Kaza.” “Nipumue?” “Pumua, lakini usizidishe.” Fundi mapazia aliona shati la Barafu liko ndani nje, na pembe ya mdomo wake ikamsaliti. Hakumwambia. Akamwacha avae hivyo hivyo kama adhabu.

Safari ilipita kwa makusudi kwenye mzunguko wa soko, maana shangazi alitaka kujua. Foleni ikawabana. Mshale ukapanda, ukafika ulipozoea kuchungulia, na feni ya chumba cha barafu ikanguruma mbele. Mshale ukarudi nyuma kama mtu aliyeitwa jina. Wakaanza kilima. Pale waliposimama jana palikuwa bado na alama ya maji meupe ukingoni mwa lami, na Mzee akapita bila kupunguza, moshi mweusi ukimwagika juu ya boneti la fedha la kaka aliyefuata nyuma. Karibu na kilele mlima ulisimama wima. Mshale ukaanza tena kunyemelea.

“Shangazi, nisamehe,” fundi mapazia akasema, akafungua hita.

“Fungua! Nikifa, nizikwe na feni.”

Barafu alikuwa kiti cha nyuma, amebanwa kati ya mapazia, bomba la hewa ya moto likimpuliza magotini. Alilowa kama aliyeoga na nguo. “Mvuke,” akasema kwa sauti ya kufifia, “mimi ni mtu wa baridi.”

“Unataka nizime?”

“Nani kakwambia? Ongeza.”

Wakafika. Lango la mdogo wake shangazi lilikuwa wazi, na Mzee akaingia uwanjani akinguruma kama ana ushahidi wa kutoa. Kaka akafika nyuma yao, akashuka, akasimama mbele ya boneti. Akatazama. Hakuna mvuke. Akainua mkono kidogo, si salamu, si laana, akaushusha.

“Kivuli ni chake,” shangazi akamwambia akishuka, gauni limelowa mgongo mzima. “Mpigie simu yule bwana amalize chai yake aende. Na gari lako lifunike turubai, litakuwa jema tu.”

Wakabaki wawili, Barafu amehamia kiti cha mbele. Injini ilikuwa inazunguka taratibu. Fundi mapazia aliweka mkono kwenye ufunguo, hakuugeuza.

“Anahema,” akasema.

“Basi asizimwe. Nisimulie hadithi?”

“Simulia.”

Barafu akajifuta uso kwa ile leso iliyokuwa na harufu ya gundi na dizeli. “Palikuwa na mwanamume mmoja, mtu wa baridi, aliyedhani kupenda ni kumtengenezea mtu kila kitu kimya kimya. Akatoa kitu kisicho chake, akamkwamisha mwenyewe kilimani. Sasa ana jambo jingine moyoni, kubwa kuliko thamostati. Safari hii hataligusa. Safari hii anauliza kwanza.” Akamgeukia. “Mvuke, utakubali nikuoe?”

Fundi mapazia alisikiliza injini mpaka pumzi yake ikawa ndefu na tulivu, mpaka mshale ukarudi nyumbani kwake, kama baba alivyomfundisha. Ndipo akageuza ufunguo.

“Nakubali,” akasema. “Ila ujue, naja na Mzee. Siku ya harusi atatupeleka yeye, na hita iko wazi.”

“Na suti yangu?”

“Utaiva, mpenzi. Ila utafika.” Akanyoosha mkono, akamgusa ukosi. “Na shati lako liko ndani nje tangu asubuhi.”